Mashini ya kupanda kwa hewa: zima kwanza, kisha utafute kosa

Ndugu msomaji, pengine utauliza: ukurasa huu unaosema kila mara juu ya kasko, vumbi na baruti, leo umefuata nini shambani? Wengi wetu tuna shamba la mahindi nje ya mji. Tena, miaka michache kabla ya 2010, serikali ya jimbo la Katanga iliyataka makampani ya madini yalime mahindi, hektari 500 kwa kila kampani, ili mji usingoje unga wa nchi jirani peke yake. Hivyo mekanisiani aliyezoea kamyo na pompi za mgodi akajikuta siku moja mbele ya mashini ya kupanda ambayo hakufundishwa. Vyuma anavijua. Lakini mashini hii inafanya kazi kwa hewa, na hewa haionekani.

Sikiliza jambo nililoliona mimi mwenyewe katika shamba moja, mwezi wa Desemba. Mashini ilikuwa ya mistari 4. Shofere alipanda hektari 20 kwa siku chache, akisifiwa kwa haraka yake. Siku ya kumi mahindi yalipotokeza, tukahesabu: mistari 3 imeota, mmoja hakuna kitu, tena mistari 3, mmoja hakuna kitu, hivyo mpaka mwisho wa shamba. Robo nzima, yaani hektari 5, zilikuwa zimelimwa, zimewekwa mbolea na kuchomewa mazuti, lakini ndani ya udongo hamkuwa na punje.

Kesho yake asubuhi wakaanza kutafuta kosa. Waliacha motere ikiunguruma na turbini ikizunguka, ili wasikie hewa inapotea wapi. Kijana mmoja akainama juu ya kardani, ambayo bomba lake la kuikinga lilikuwa limevunjika tangu mwaka uliopita. Ncha ya koti lake ikashikwa. Koti lilikuwa kuukuu, likapasuka mgongo mzima, na kijana akabaki amesimama na mikono miwili ya koti tu. Kama kampani ingekuwa imempa koti jipya siku ile, tungemzika. Na kosa lilikuwa nini? Panya alikuwa ametoboa tiyo ya mstari wa tatu, tundu la kuingiza kidole kimoja.

HEWA INAFANYA KAZI GANI?

Chini ya ardhi unajua vantilateri kubwa na tiyo inayopeleka hewa mpaka mwisho wa galeri. Tiyo ikipasuka njiani, wenzako walio mwisho wanakosa hewa, hata kama vantilateri inaunguruma vizuri. Mashini ya kupanda ni vile vile, ila hapa hewa haisukumwi, inavutwa.

Juu ya mashini kuna turbini. Kardani ya trakteri inaizungusha, nayo inavuta hewa kupitia tiyo, tiyo moja kwa kila mstari. Mwisho wa tiyo kuna kisanduku, na ndani yake disiki nyembamba yenye matundu kuzunguka ukingo. Upande mmoja wa disiki kuna mbegu, upande wa pili hewa inavutwa. Punje inanaswa kwenye tundu kama vile kikaratasi kinavyonasa mdomoni unapovuta pumzi. Disiki inapozunguka, punje zinapita mbele ya kisu kidogo kinachoangusha punje ya pili kama zimenaswa mbili. Zikifika chini, hewa inakatwa, punje inaanguka katika mfereji, na gurudumu la nyuma linaufunika na kuushindilia udongo.

Sasa shika jambo moja, maana ndilo litakalokusaidia kutafuta makosa. Turbini inazungushwa na motere ya trakteri. Lakini disiki inazungushwa na magurudumu ya mashini yenyewe yanayotembea juu ya udongo, kwa njia ya mnyororo na meno. Ni nguvu mbili mbalimbali. Ukikuta punje ziko mbali kuliko ulivyotaka, lakini umbali ni sawasawa, tafuta kwenye meno na mnyororo, au kwenye gurudumu linaloteleza katika matope. Ukikuta hapa punje mbili, pale hakuna, mbele tena moja, tafuta kwenye hewa.

Kuna mashini nyingine ya hewa, ile ya mashamba makubwa ya ngano ya Canada na Australia. Ile ina sanduku moja kubwa. Rola inapima mbegu kwa kilo, na hewa inazipuliza katika tiyo nyingi mpaka chini. Ni nzuri kwa ngano, ambayo hakuna anayehesabu punje moja moja. Kwa mahindi tunataka punje moja, kisha nafasi, kisha punje moja. Basi mchuuzi akikuambia tu kwamba mashini yake "ni ya hewa", muulize: inapuliza au inavuta?

KUCHAGUA

Kabla ya kutazama mashini, tazama shamba. Udongo wetu wa Katanga una visiki, na una vichuguu ambavyo vingine ni virefu kuliko nyumba. Mashini ya mistari 6 inayozunguka kichuguu kila mita mia itaacha pembe nyingi bila mbegu, na itavunja miguu yake kwenye visiki. Ikiwa shamba lako halijasafishwa, au una hektari 2 au 3 tu, usinunue hewa. Kijiti cha kupandia cha mkono, au mashini ndogo ya sahani inayovutwa bila turbini, itakutosha na fedha zako zitabaki nyumbani.

Mashini ya sahani ina sifa yake: haina tiyo, haina turbini, na fundi wa mtaani anaitengeneza. Udhaifu wake ni kwamba inadai mbegu zenye ukubwa mmoja, zilizochujwa vema. Punje kubwa haziingii katika sahani, na ndogo zinaingia mbili mbili. Mashini ya kuvuta inasamehe zaidi: punje bapa, punje duara, zote zinanaswa. Kwa sababu hiyo inafaa pale ambapo gunia la mbegu haliji na ukubwa ule ule kila mwaka, na tunajua hali ya barabara zetu na ya maduka yetu.

Kwa trakteri ya nguvu ya farasi 70 au 80, mistari 4 inatosha. Angalia hasa kama trakteri inaweza kuinua mashini ikiwa imejaa mbegu na mbolea bila magurudumu ya mbele kuwa mepesi. Trakteri inayoinua pua kwenye mteremko inaua.

Na kabla ya kulipa, uliza vitu vidogo. Je, disiki za mahindi zimo? Kwa kawaida matundu yake yana karibu millimita 5. Disiki ya alizeti ina matundu madogo zaidi, na ukiitumia kwa mahindi punje hazitashika. Je, mpira wa kuziba hewa nyuma ya disiki unapatikana Lubumbashi au Kolwezi, au ni lazima uandike barua Ulaya? Je, bomba la kukinga kardani limo, zima, pamoja na vinyororo vyake viwili? Mashini iliyotumika inauzwa mara nyingi bila bomba hilo, na muuzaji anacheka ukiliuliza. Hesabu bei yake ndani ya bei ya mashini, kwa sababu utalinunua.

USINGOJE SIKU KUMI

Shofere yule wa hektari 20 hakuwa mvivu. Alifanya kosa moja: hakushuka. Punje ikifunikwa, hakuna anayeona kama ipo.

Kipimo ni rahisi, fundisha hata watoto wako. Mistari yetu iko sentimita 75 kutoka mmoja hadi mwingine. Chukua kamba ya mita 13 na sentimita 33. Urefu huo katika mstari mmoja ni sehemu ya elfu ya hektari. Panda kidogo, zima motere, shuka, fukua mstari polepole kwa mkono uliovaa glavu, na uhesabu. Ukipata punje 53, una punje 53.000 kwa hektari, yaani punje moja kila sentimita 25. Ni kipimo kizuri. Ukipata 40, simama hapo hapo. Pima pia kina: sentimita 5 hivi, zaidi kidogo kama udongo wa juu umekauka. Fanya hivyo kwa kila mstari, si kwa mmoja tu, asubuhi unapoanza, na kila unapobadili gunia la mbegu. Ni kazi ya dakika ishirini.

KUTAFUTA KOSA

Mistari yote ikiacha nafasi tupu, anza na turbini. Kardani ya mashini nyingi inatakiwa kuzunguka mara 540 kwa dakika. Shofere anayepunguza gazi ili kuokoa mazuti anapunguza pia hewa, na punje zinaanguka kabla ya kufika. Tazama mshipi wa turbini kama umelegea. Tazama manometa: kwa mahindi vitabu vingi vinataja millibar 40 hadi 60, lakini fuata kitabu cha mashini yako. Punje zikianguka mbili mbili, basi hewa ni kali mno, au kisu cha kuangusha punje ya pili kimefunguliwa mno. Sogeza kisu kidogo, pima tena.

Mstari mmoja peke yake ukiharibika, turbini haina hatia. Hapa fanya kama fundi wa umeme anavyofanya na taa: badilisha. Zima, ondoa tiyo ya mstari mbaya, iweke kwenye mstari mzuri, na ile nzuri kwenye mbaya. Panda mita chache, zima, fukua. Kama ubaya umehama pamoja na tiyo, tiyo ndiyo mwenye kosa. Ipinde na uitazame mbele ya jua, kila mkunjo, na utaona tundu au ufa. Kama ubaya umebaki pale pale, fungua kisanduku. Mara nyingi utakuta vipande vya punje vilivyovunjika vimeziba matundu ya disiki, au mpira wa nyuma umeliwa na hewa inapita pembeni, au disiki imepindika. Ukiiweka juu ya kioo au meza ya atelie, disiki nzuri inalala sawasawa, iliyopindika inacheza.

Wakati mwingine disiki inakamata vizuri, lakini mstari ni mtupu: udongo umeziba mdomo ambapo punje inatokea. Sababu yake karibu kila mara ni ile ile: shofere ameshusha mashini ikiwa imesimama, au amerudi nyuma kidogo mashini ikiwa chini. Udongo wetu mwekundu ukilowa unaingia kama saruji. Shusha mashini trakteri ikitembea mbele polepole, na usirudi nyuma kabla ya kuiinua.

Mwezi wa Desemba kuna tabu nyingine, unyevu. Dawa iliyopakwa juu ya mbegu inanata, punje zinashikana katika sanduku na hazishuki. Poda ya talki kidogo, iliyochanganywa na mbegu kabla ya kuanza, inasaidia. Usitikise sanduku kwa kuweka mkono ndani wakati disiki inazunguka.

KARDANI HAINGOJI

Hesabu pamoja nami. Mara 540 kwa dakika ni mara 9 kwa sekunde. Chuma chenye unene wa sentimita 7 kinameza sentimita 22 za kitambaa kila kikizunguka mara moja. Mara 9, karibu mita 2 kwa sekunde moja. Wewe ukisema "Mungu wangu!", shati lako lote, kitenge cha bibi yako au kamba ya koti la mvua imekwisha kuzungushwa, nawe pamoja nayo. Hakuna mtu mwenye nguvu ya kujivuta.

Mgodini hakuna anayeingia ndani ya mashini ya kusaga mawe kabla umeme haujakatwa na kila fundi hajaweka kufuli yake. Shamba lina kufuli pia: ni ufunguo wa trakteri. Kabla ya kugusa kitu chochote nyuma, shofere anatoa kardani katika kazi, anashusha mashini chini, anazima motere, anachomoa ufunguo, na ufunguo unaingia katika mfuko wa yule atakayeweka mkono. Si katika mfuko wa shofere. Wa yule atakayeweka mkono. Kisha mngoje. Turbini ni nzito na inaendelea kuzunguka hata baada ya motere kunyamaza. Ukitaka kusoma manometa, soma ukiwa umesimama pembeni, mbali na kardani, na shofere akiwa juu ya kiti chake.

Bomba la plastiki linaloifunika kardani linashikwa na vinyororo ili lisizunguke. Vinyororo vikikatika, bomba linazunguka pamoja na chuma na halikukingi tena. Usivuke juu ya kardani inayozunguka, hata ukiona ni njia fupi. Usipande juu ya mashini ili kuangalia sanduku la mbegu trakteri inapotembea, wala usikubali mtoto wa shofere akae pale. Ukilazimika kufanya kazi chini ya mashini iliyoinuliwa, weka tegemeo la chuma au la mti mgumu. Mafuta ya pompi yanayoishikilia yanaweza kutoroka bila kukuaga.

MBEGU ZENYE RANGI

Mbegu za kununua zina rangi nyekundu, kijani au buluu. Rangi hiyo ni onyo: zimepakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu. Kwa hiyo usipulize tiyo kwa mdomo wako. Nimewaona mafundi wazuri wakifanya hivyo, na wengine wanavuta, kama unavyovuta mazuti kutoka katika pipa. Tumia waya au brashi. Hewa ya kompresa inasafisha upesi, ni kweli, lakini inainua vumbi la sumu mpaka usoni; ukiitumia, vaa maski na miwani, simama upande upepo unakotokea, na usijipulize nguo wala ngozi. Usivute sigara na usile kabla ya kunawa kwa sabuni.

Turbini yenyewe inatupa vumbi hilo nje. Mwaka 2008, katika bonde la mto Rhine huko Ujerumani, mashini za kuvuta hewa zilipanda mahindi ambayo dawa yake haikushika vizuri. Vumbi likatoka na hewa ya turbini, likaanguka juu ya maua, na mizinga ya nyuki zaidi ya elfu kumi ikaharibika. Tangu hapo mashini nyingi zinafungwa bomba linaloelekeza hewa hiyo chini kwenye udongo. Kama yako haina, uliza. Na wewe utembeaye nyuma ya mashini, jua unavuta pumzi ya nini.

Sasa nasema na nyumbani. Mwisho wa mstari, pale trakteri inapogeuka, punje humwagika. Kina mama na watoto huzikusanya, kwa sababu mahindi ni mahindi, na miezi ya Desemba na Januari ndiyo ya njaa, ghala ni tupu. Wengine wanaziosha mpaka rangi inatoka, kisha wanazisaga kwa bukari. Ndugu, rangi inaondoka na maji, dawa inabaki.

Mwaka 1971 nchi ya Irak ilipokea ngano na shayiri za kupanda zilizopakwa dawa yenye zebaki. Zilikuwa na rangi nyekundu. Maandishi ya kuonya yalikuwa ya lugha za kigeni. Wakulima wengine waliziosha, rangi ikatoka, wakaamini sumu imetoka. Wengine waliwapa kuku kwanza; kuku hawakufa kwa siku zile chache, basi watu wakaoka mkate. Sumu ya zebaki ilingoja majuma kadhaa. Kisha miguu ikafa ganzi, watu wakaanza kuyumba, wengine wakawa vipofu. Hospitali zilipokea watu 6.530, na 459 kati yao walikufa. Dawa za leo si zile za zebaki, lakini hakuna hata moja iliyofanywa kwa tumbo la mtu.

Fanya hivi. Punje zilizomwagika zifukiwe zote siku ile ile. Ni kazi ya shofere na msaidizi wake, kabla ya kuondoka shambani. Magunia matupu yarudi magazini na kuhesabiwa. Yasibebe unga, wala sombe. Mbegu zinazobaki zifungiwe mahali pasipo chakula. Mtu akila mbegu hizo, au akizimia baada ya kazi hiyo, usimpe maziwa wala mafuta ya mawese, na usimtapishe kwa vidole. Mpeleke hospitali upesi, na uchukue gunia lenye maandishi, maana muganga atatibu kufuatana na jina la dawa. Dawa ikimwagikia ngozi au macho, maji mengi, kwa muda mrefu, kisha hospitali.

Kupanda kukiisha, mwaga masanduku, fungua visanduku vyote, piga brashi disiki, na uzitundike ukutani. Zikilala chini ya vyuma vingine zitapindika. Andika kwa rangi juu ya kila disiki ni ya mbegu gani. Legeza mshipi wa turbini. Tiyo zitoe, uzisafishe kwa brashi, ziba midomo yake miwili, na uzitundike juu kwa waya, mbali na ukuta na mbali na magunia, ili panya asizifikie.